Stima Ianzie kwa Mikayi

Nimechoka, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Watu wa rika langu wananielewa. Ni ule uchovu ambao usingizi hauuondoi, unaamka nao, unakunywa nao chai, unakwenda nao kazini. Jumapili iliyopita jioni nilikuwa hapa kwangu Kondele, mjini Kisumu, nimesimama napiga pasi sare ya shule ya binti yangu Hawi, naye yuko mezani na kazi aliyopewa na mwalimu. Chini ya meza kuna ekstensheni moja tu, na maskini ile nimeibebesha kila kitu: pasi, friji, runinga na simu. Mara nikasikia harufu.

Anayeijua harufu ya waya uliopata joto haisahau. Si harufu ya moto. Ni ya plastiki inayolainika polepole, tamu kidogo, halafu inakaa kooni. Nikachomoa plagi haraka na kusimama nimeishika mkononi. Hawi hakushtuka hata kidogo.

"Mum, wacha hiyo kwanza," akasema. "Wameandika volti ni mia mbili arobaini, ampea ni mbili. Wanataka resistance na power."

"Gawanya volti kwa ampea," nikamjibu. "Mia moja na ishirini, huo ndio ukinzani. Halafu zidisha. Mia nne na themanini. Hizo ni wati."

Akanitazama kana kwamba nimesema Kifaransa. "Umejuaje na wewe physics uliacha form two?"

Ni kweli, niliiacha, na sikuililia. Lakini namba hizo nilikuwa nimeziona zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bati wa bibi yangu, na mlango ule nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule. Nikakaa kitako na plagi yangu mkononi. Sare ilibaki na mkunjo mgongoni, na Hawi aliivaa hivyo hivyo Jumatatu.

Boma letu liko kando ya ziwa, mwendo kidogo kutoka Kisumu, pale ambapo asubuhi unanusa omena, wale dagaa wa ziwa, zilizoanikwa kabla hujaziona. Babu alifariki kabla sijazaliwa, akaacha wake watatu. Wa kwanza ndiye Mikayi. Hilo si jina, ni cheo cha mke wa kwanza, na nyumba yake husimama mwisho wa boma ikitazamana na lango. Wa pili huitwa Nyachira, naye alikuwa upande wa kulia. Wa tatu alikuwa Dani, bibi yangu mzaa baba, aliyenilea. Nyumba ya Dani ilikuwa karibu na lango, ubavuni mwa duol, kile kibanda ambacho babu alikuwa akiketi na wageni wake. Baba alifanya kazi Mombasa na tulimwona Desemba. Mama alifundisha fizikia katika shule moja upande wa Awasi, akija Ijumaa jioni na chaki bado kwenye mkono wa sweta, akivua viatu mlangoni na kukaa kimya kwanza. Sikuelewa ukimya ule. Siku hizi nami nakaa hivyo.

Kwetu mambo ya boma yana mpangilio. Mikayi hupanda kwanza, ndipo Nyachira apande, ndipo Dani naye atoe mbegu zake. Kuvuna ni hivyo, kujenga ni hivyo. Anayeruka mpangilio anaita chira, ule mkosi unaokondesha watu wazima na kuzika watoto. Mimi nilikua nikiuona mpangilio huo kama ninavyoona jua linatoka upande mmoja na kuzama upande mwingine, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Basi stima ilipofika barabarani, Baba Mkubwa Ogutu, kifungua mimba wa Mikayi, ndiye aliyehangaika mpaka ikaingia bomani. Nguzo ilisimikwa nje ya lango, na mita ikafungwa kwenye ukuta wa duol. Kutoka duol hadi mlango wa Dani ungeweza kumrushia mtu ndizi akaidaka. Lakini waya haukwenda kwa Dani. Ulivuka boma lote hadi kwa Mikayi, ukateremka nyuma ya jiko la Nyachira, ukapita juu ya mti wa siala na kuufuata ua, ndipo ukarudi kwetu. Ulikuwa waya mwembamba wa spika, wa wale wapiga muziki wa matangani, umeungwa hapa na pale na kila pahali pa kuungwa pamefungwa mfuko wa nailoni. Hakuna aliyeshangaa kuuona ukizunguka hivyo. Ungepitishwa wapi pengine?

Siku ya kuwasha tulijazana kwa Mikayi. Alibonyeza yeye mwenyewe, taa ikawaka nyeupe, wanawake wakapiga vigelegele. Tukakimbia kwa Nyachira, ikawaka vilevile. Tukakimbia kwetu tukisukumana, Dani akabonyeza, na ya kwetu ikawaka rangi ya chai ya maziwa.

"Mbona yetu iko hivi?" niliuliza.

"Imetoka mbali," Dani akasema, akifunga lesso yake vizuri. "Imechoka. Hata wewe ukizungushwa hivyo utachoka."

Alikuwa akitania, na wakubwa walicheka. Mimi sikucheka, niliyachukua maneno yale kama yalivyo. Niliamini kwamba stima ni mgeni anayepita nyumba kwa nyumba, na kwamba kila nyumba inamla kidogo kabla ya kumwachilia. Na ushahidi nilikuwa nao. Redio ya Mikayi ikiimba kwa sauti, taa yetu hufinya jicho. Nyachira akichomeka pasi, yetu inabaki uzi mwekundu tu ndani ya balbu. Nikaona wazi kabisa kwamba tunaibiwa, na mwizi mkuu ni yule bibi wa mwisho wa boma, mwenye miguu iliyovimba na sauti ya kiume.

Siku moja nilitumwa kwake kuomba chumvi. Alipoingia chumbani kuitafuta, mimi nikapiga magoti na kuchungulia chini ya kochi lake. Alinikuta nimeinua makalio juu.

"Unatafuta nini huko, nyathina?" Nyathina ni mwanangu. Aliwaita hivyo watoto wote.

"Stima."

"Stima gani?"

"Ile unakula kabla haijafika kwa Dani."

"Wololo!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Nile stima? Na meno gani?" Akanifungulia mdomo nione yale machache yaliyobaki. Akanipa chumvi, na njugu za kukaanga juu yake, akanisindikiza mlangoni. Nilipogeuka kumpungia mkono, alikuwa bado amesimama pale akiiangalia taa yake.

Dani alikuwa ameishi kwa moshi. Kwa miaka mingi alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani nyama ikishaondolewa, na siku nyingine alibanika samaki kwenye oveni ya udongo nyuma ya nyumba. Watu walimsifu kwa mkono wake. Hakuna aliyefikiria ule moshi ulikuwa ukienda wapi. Kikohozi kilianza kama cha kawaida, kisha kikamfuata kitandani, mwishowe akawa analala ameketi, ameegemea magunia mawili, mdomo wazi. Akitoka mlangoni hadi chini ya mti wa kivuli ilibidi apumzike katikati, na kucha zake zikaanza kuwa na rangi ya zambarau.

Walimpeleka hospitalini Kisumu, na aliporudi Mama alitueleza kwa lugha nyepesi. Mapafu yamechakaa, na bila hewa ya kumwongezea, moyo utachoka kuyasaidia na utasimama. Kuna mashine inayokamua hewa safi kutoka hewa hii ya kawaida na kumpitishia mgonjwa puani kwa mrija. Nyumba moja ya Milimani, mtaa wa matajiri, ambako Mama alikuwa akifundisha watoto wao tuisheni likizoni, walikuwa nayo imekaa tu tangu baba yao alipofariki. Wakamwazima. Ilikuja bomani nyuma ya gari lao, nzito, ina magurudumu madogo, na Dani alipovishwa mrija akasema unamkuna kama sharubu.

Mashine ile ilikuwa na taa mbili. Ya kijani ilimaanisha hewa inatoka sawasawa. Nyekundu ilimaanisha stima haitoshi, na ikiwaka, mashine hupiga filimbi ndefu na kunyamaza. Siku ya kwanza iliwaka kijani, tukashukuru, mchungaji akaomba. Hata hajasema amina, ikawa nyekundu.

Majuma yale ndiyo ninayoyasikia mpaka leo nikisikia filimbi ya aina yoyote. Ikilia, mimi ndiye niliyekuwa mkimbiaji. Nilikimbia kwa Nyachira, "Zima pasi! Zima!" Nilikimbia kwa Mikayi, naye akiniona tu anakuja mbio anafunga redio bila kuuliza. Nikirudi, mara nyingine ni kijani, mara nyingi ni nyekundu tu. Dani alikuwa akiniangalia kwa macho yaliyotoka, anavuta pumzi kwa mabega, halafu bado anapata nguvu ya kunitania. "Pumzika, Atieno. Tutakufa wawili sasa." Nililala nguo zangu za mchana zikiwa mwilini ili nisichelewe. Mimi nilikuwa mtoto, na nilichoka kama mtu mzima.

Ijumaa moja Mama alikuja na mita ya maabara ya shule, imefungwa ndani ya kanga. Ilikuwa na mdomo kama koleo, unauma waya mmoja bila kuukata na kukuambia ampea zinazopita, na sindano mbili za kupimia volti. Jumamosi asubuhi aliomba nyumba zote zizime kila kitu. Mikayi akazima, Nyachira akazima. Mama akapima kwenye mita ya duol, akaja akapima kwetu mashine ikinguruma, akarudi duol, akarudi tena kwetu. Jasho lilimtoka. Kisha akachukua chaki na kuandika kwenye mlango wa bati, kwa yale maandishi yake ya ubaoni.

"Njoo uone," akaniita. "Kule duol ni volti mia mbili arobaini. Hapa kwa Dani ni mia mbili. Arobaini iko wapi?"

"Mikayi amekula."

"Mikayi amezima. Nyumba yake sasa haina kitu."

Nilikuwa sina mshukiwa mwingine.

"Kila waya ni mbishi kidogo," Mama akasema. "Stima ikipita, waya unabisha. Ukiwa mwembamba unabisha zaidi, ukiwa mrefu unabisha zaidi, na pale ulipoungwa vibaya ndiyo kabisa. Sasa zinapita ampea mbili. Arobaini gawanya kwa mbili, ishirini. Huo ndio ubishi wa waya wetu, omu ishirini. Halafu arobaini mara mbili, themanini. Hizo ni wati zinazopotea. Kule duol zinatoka mia nne na themanini, hapa zinafika mia nne, na mashine haitaki mia nne."

"Kwa hivyo stima imechoka?"

Akakaa kwenye kizingiti, akakung'uta vidole vyake. "Stima haichoki, mama. Sisi ndio tunachoka."

Dawa ilikuwa rahisi mno, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Waya mfupi, mnene, kutoka duol moja kwa moja hadi kwa Dani. Kuzungusha waya mnene boma lote kulikuwa nje ya uwezo wetu, lakini kipande kile kifupi Mama alikuwa amekuja nacho ndani ya begi, kipya, kimekunjwa. Dani alipokiona alitikisa kichwa kabla Mama hajamaliza kueleza.

"Stima ije kwangu kabla ya kwa Mikayi? Hapana, Nyar Seme." Ndivyo walivyomwita Mama, binti wa Seme, kwa heshima ya kwao. "Mimi niliolewa wa tatu. Nitakufa wa tatu. Sitaki watoto wa hii boma wasemwe kwa ajili ya pumzi yangu."

Mama alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akiutazama ua. Nilidhani anahesabu kitu. Kumbe alikuwa akilia.

Jumapili baada ya kanisa waliketi mbele ya mlango ule wa bati: Baba Mkubwa, Mikayi kwenye kiti chake cha kukunja, Nyachira, na Dani ndani akisikiliza kupitia dirishani. Mama alisimama, mke wa mwana mdogo, mbele ya shemeji yake na mama wakwe, akafundisha. Alieleza arobaini, ishirini na themanini. Sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Nyar Seme, umesoma na tunakuheshimu," Baba Mkubwa akasema alipomaliza. "Lakini hizo ni hesabu za shule. Boma iko na hesabu yake."

"Shemeji, mama hapumui."

"Mimi naona. Unadhani sioni?" Akapangusa uso. "Mimi nilijenga kabla ya wakati, unajua hiyo. Nilikuwa kijana, nikasema hizi ni vitu za zamani. Na nilizika mtoto. Ukiniambia ni malaria, nitakubali ni malaria. Lakini ni mimi nilichimba hiyo kaburi. Sitaki kuchimba ingine."

Nilikuwa nimezoea kumwona Baba Mkubwa kama mtu wa kupaaza sauti, na siku ile aliongea taratibu kama mtu anayeomba maji. Mama akaiangalia chaki yake. Ndani, mashine ikapiga filimbi, na mimi nikainuka kukimbia, halafu nikakumbuka kila kitu kilikuwa kimezimwa kwa ajili ya kikao. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Hiyo themanini," Mikayi akasema. "Inapotea inaenda wapi?"

"Inageuka joto, Mama. Njiani."

"Njiani wapi? Nionyeshe."

Mama akamshika mkono na kumwongoza polepole, miguu ile iliyovimba, hadi nyuma ya jiko la Nyachira, pale waya ulipoungwa na kufungwa nailoni. Sote tukafuata. Mashine ilikuwa imewashwa tena. Ile nailoni ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeusi upande mmoja, na harufu ilikuwepo, tamu kidogo, inakaa kooni. Mama akatandika kanga iliyokunjwa, akamwambia aguse juu yake. Mikayi akaweka kiganja, akakiacha pale muda mrefu.

"Ni moto," akasema. "Kama tumbo la kuku analalia mayai."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo hii ndiyo pumzi ya nyieka." Nyieka ni mke mwenzangu. "Imekaa hapa. Tunapasha ukuta joto, na yeye anakufa."

Aligeuka bila kungoja jibu. Hakurudi kwenye kiti chake. Alipita katikati ya boma akielekea kwa Dani, akaingia, nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga kwa miaka kwa sababu ya ugomvi ambao hata sababu yake sisi watoto hatukuwahi kuambiwa. Tukamwona kupitia mlangoni akiketi kwenye kiti cha Dani, kando ya swichi.

"Ogutu!" akaita. "Leta huo waya mfupi."

"Mama, mpangilio..."

"Mpangilio ni nani? Ni mimi. Stima inafaa kuingia kwa Mikayi kwanza. Mikayi yuko wapi sasa?" Akapiga kiti kwa kiganja. "Nawauliza nyinyi. Mikayi yuko wapi?"

"Yuko hapa," Dani akajibu kutoka kwenye magunia yake, kwa sauti ndogo.

"Basi ilete hapa."

Baba Mkubwa akauchukua waya kwenye begi la Mama. Kisha akazima mita, akapanda ngazi yeye mwenyewe, hakutaka kijana yeyote amsaidie. Ilipokuwa tayari, Mikayi akabonyeza swichi kwa kidole gumba, na taa ya nyumba yetu ikawaka nyeupe kwa mara ya kwanza. Nikaona makovu ya moshi kwenye dari ambayo sikuwahi kuyaona. Mashine ikanguruma, ikawa kijani. Mama akaweka mita yake kwenye soketi na kuisoma. Kilichosomwa duol ndicho kilichosomwa hapa, hakuna kilichopungua. Tulikaa tukingoja filimbi na haikuja. Dani akalala na mrija wake, kichwa kimeangukia bega la Mikayi, na Mikayi hakusogea mpaka chakula kilipoiva.

Alipokuwa akiondoka alinishika sikio. "Wewe ulisema nakula stima."

Mama akaingilia haraka. "Ni mtoto, Mama. Nimekuonyesha, wewe huli kitu. Ni waya ulikuwa mbaya."

"Nimesikia," Mikayi akasema.

Lakini tangu jioni ile taa yake haikuwaka tena. Redio hakuiwasha, balbu hakuiwasha. Jua likizama aliketi kwenye kiti chake mlangoni, gizani, akitazama dirisha letu lililokuwa na mwanga. Mama alikwenda kumweleza, nikiwa nimemshika kanga. Alimwambia waya sasa ni mbalimbali, balbu yake ni ndogo sana, akiiwasha Dani hapungukiwi hata kidogo, anaweza kumwandikia hesabu akitaka. Mikayi alisikiliza kwa adabu. "Asante, Nyar Seme. Wacha tu ikae. Nikiwa kwa giza, mimi mwenyewe najua hakuna kitu yake nimekula." Tuliporudi, Mama hakusema kwamba bibi yule amekosea.

Dani aliishi. Aliona mahindi yakipandwa na kuvunwa, Mikayi kwanza, Nyachira, kisha yetu. Alimwona Baba akija Desemba, akamgombeza kwa kukonda. Siku za jua kali Mikayi alikuja akaketi naye, wakawa wanabishana mambo ya vijana waliokuwa wazee sasa. Mapafu hayakupona, hakuna aliyetuahidi yatapona, lakini hakuna siku aliyokosa pumzi akitazama taa nyekundu. Namba za chaki Mama alikataa zifutwe, na mvua haikuzifikia.

Alifariki jioni, jua likiingia ziwani, sisi tukiwa likizo. Mama alikuwa akimshikia kikombe. Mashine iliendelea kunguruma, taa yake ya kijani, ikimpa hewa mtu ambaye hakuihitaji tena, mpaka Mama akanyoosha mkono na kuizima. Sikuwahi kusikia nyumba ile ikiwa kimya hivyo. Mama alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja, machozi yanapita juu ya vidole, kwa sababu kilio hakiwezi kuanza kabla Mikayi hajaambiwa.

"Nenda," akaniambia. "Nenda umwambie." Hakuweza kumalizia, na mimi sikungoja.

Nilivuka boma. Mikayi alikuwa pale pale mlangoni, gizani, anatazama dirisha letu. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo, maneno yakakataa. Nikampita, nikaingia ndani mwake, nikapapasa ukutani hadi nikaipata swichi. Nikaibonyeza. Taa ikawaka nyeupe, ikaangaza kiti chake, miguu yake, vumbi juu ya redio.

Hakuniuliza kwa nini nimewasha. Aliinua macho akaitazama balbu, kisha akanitazama mimi, kisha akavua kitambaa chake cha kichwa na kukiweka mapajani. Akasimama bila kushika ukuta, akatoka hadi katikati ya uwanja, akalia kwa ile sauti yake ya kiume. Nyachira akaipokea nyuma ya jiko lake, na kutoka kwetu Mama akaondoa kiganja mdomoni. Kilio kilianzia kwa Mikayi, kikapita kwa Nyachira, kikafika kwa Dani, na hakuna kilichopotea njiani.